Gari Lilale na Dizeli

Tarehe 6 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na ikufikie kabla ukungu wa huko juu haujaimeza. Sisi hatujambo. Ukuta wa uani uliokuwa ukivuja umezibwa. Kazi ya udobi ni ile ile: jioni tunachukua mashuka machafu hospitalini, asubuhi tunayarudisha meupe, na katikati ni mvuke, pasi na ubishi. Mama Chipsi anakusalimu. Anasema mwanamke anayekwenda kulinda jenereta ya kituo cha hali ya hewa mlimani, akaacha watu wenye joto lao, ana lake jambo. Nimeandika kama alivyosema.

Baba anakula kidogo. Hilo ndilo lililonikalisha mezani.

Nilikuandikia habari ya siku aliponipa ufunguo wa gari, macho yake yakiwa yamebakiwa na mwanga bila maumbo. Sikupewa wosia mrefu. Aliniambia, "Liamshe na dizeli, lilaze na dizeli. Katikati lipe mafuta ya chipsi kadiri linavyotaka." Ile koki uliyoifunga wewe chini ya usukani nikaijua kwa mkono kuliko ninavyoujua uso wangu: kushoto dizeli, kulia tangi la mafuta ya Mama Chipsi yaliyokwisha kukaangiwa. Injini ikishapata moto, kulia. Ukifika kona ya posta unarudi nyumbani, kushoto, ili mabomba yajisafishe kabla ya kuzima. Nimesoma kemia mpaka nikachoka. Najua kwa nini mafuta ya kula ni mazito na kwa nini yanataka joto. Lakini kugeuza koki si kujua, ni kukumbuka.

Jioni moja mvua ilikuwa imetuama barabarani. Taa za maduka zilikuwa zimelala ndani ya maji, nikawa naendesha juu ya mji mwingine uliopinduka, wenye watu wanaotembea miguu juu, na nikawaza kwamba labda kule chini yupo msichana mwingine anayenipita kwa nyayo. Hamkuniita Mama Mawazo bure: nilipozinduka nilikuwa uani na nimeshazima gari. Koki ilikuwa kulia.

Usiku ulikuwa wa baridi, na mafuta ya wiki ile yalikuwa ya aina inayoganda. Asubuhi yalikuwa yamekuwa mshumaa ndani ya mabomba. Badala ya kusubiri jua, nikalazimisha. Nikawasha, nikawasha tena, mpaka kitu ndani ya pampu kikalia kama mtu aliyekanyagwa. Fundi alilisafisha likawaka, lakini akasema pampu imechubuka: dizeli itaivumilia, mafuta mazito yataimaliza. Akaifunga koki kwa waya, ibaki kushoto.

Sikumwambia baba. Gari linaunguruma vile vile, nikasema moyoni, hatajua.

Shangazi, nilisahau harufu. Kila jioni baba hukaa mlangoni. Harufu ya kukaanga ilikuwa ikiingia mtaani kabla ya gari, halafu inakatika, na inapokatika yeye anasimama kuweka birika jikoni, maana anajua nimegeuza koki na niko karibu. Sasa gari linafika mlangoni bila harufu na kumkuta amekaa. Juzi aliniuliza kama nimepita njia nyingine. Nikasema hapana. Akasema taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake, "Sabuni naisikia. Chai naisikia. Vya mbali ndivyo vimeondoka. Macho nayo yalianza hivi hivi, vya mbali kwanza."

Nilikuwa na kinywa, Shangazi, na nafasi ilikuwepo. Nikamwondolea kikombe.

Nifanye nini?

Mwanao,
Mama Mawazo


Tarehe 29 Mei

Mama Mawazo, mwanangu,

Marahaba. Barua yako imekaa chini ya mlima ikisubiri gari la mahitaji, na gari la mahitaji limekaa likisubiri barabara ikauke. Huku tuko wazima. Mtu wa vipimo anapima mvua, mimi naangalia jenereta, na ukungu unatuangalia wote wawili. Mwambie Mama Chipsi kuwa joto ninalo, ni la injini, na halinisemi.

Karatasi ya kwanza msomee kaka yangu. Hii ya pili ni yako peke yako.

Kwanza pampu. Fundi amesema kweli. Usiifungue ile koki hata ukisikia huruma. Mafuta yanayoganda usiyachukue tena. Yaache usiku kwenye kibakuli nje, yakiamka meupe mrudishie Mama Chipsi na shukrani. Yanayobaki maji, yaache yatulie mapipani mpaka uchafu ukae chini, uchuje kwa kitambaa cha pamba mara mbili. Maji ni adui kuliko uchafu. Hayo unayajua, nayaandika ili mkono wangu upate kazi.

Pili kaka. Ulikosea na chuma, na chuma kimesema, hilo limekwisha. Lakini sasa kuna mtu anakaa mlangoni anaagana na pua yake iliyo nzima. Macho ameibiwa na ugonjwa. Pua usimwibie wewe. Utaona ni afadhali kesho, na kesho itaona ni afadhali kesho kutwa. Mimi ndiye niliyeitwa Bi Baadaye katika nyumba ile, najua ninachosema. La kuvunda halina ubani.

Mwambie.

Umeniuliza pembeni ya karatasi, kwa herufi ndogo, kama nitakuja. Mwaka huu jenereta ni mkorofi.

Shangazi yako


Tarehe 17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Huku baridi imeingia na mashuka hayakauki. Tunalala chini yake yakiwa yamening'inia sebuleni, na nikiamka nadhani niko ndani ya wingu lako. Mama Chipsi anauliza mbona siendi kuchukua mafuta, madebe yanamjazia duka. Nilimwambia tangi limejaa. Akaniangalia, akasema, "Tangi hilo ni la gari au la treni?"

Barua yako nilimsomea baba. Kabla sijaifungua aliomba bahasha, akainusa kwenye pembe zote, akasema, "Dizeli. Basi mzima." Ameiweka chini ya mto.

Sijamwambia.

Usinikasirikie kabla hujasoma mwisho. Baba ameanza kazi mpya. Ananiomba nimletee vitu avinuse, kimoja kimoja, navyo ni vya kuhifadhi. Amesema macho yalimtoroka bila kuaga, alikuwa anafikiri ni miwani, na siku alipotaka kutazama vizuri vitu vya kukumbuka, vilikuwa vimekwisha. Safari hii hataki kushtukizwa. Basi nampelekea. Mche wa sabuni. Pamba mbichi iliyopitiwa na pasi. Kiatu chake cha harusi. Ukuta, naam, alinitaka nimfikishe ukutani baada ya mvua. Anafumba yale macho ambayo hayana haja ya kufumbwa, anavuta pumzi, anakaa nayo, kisha anasema, "Hii nimeishika. Lete nyingine." Jana alinusa nywele zangu kwa muda mrefu, na mimi nikasimama nimeinama kama mtu anayekatwa nywele, nikitazama sakafu, nikijua kwamba neno moja lingetosha.

Niambie kama umewahi kuona mtu anaagana na dunia iliyo pale pale. Ni kitu kizuri, Shangazi, hiyo ndiyo aibu yangu. Nyumba nzima imekuwa na harufu ambazo sikuwahi kuzijua. Natembea ndani yake polepole. Nilipokuwa mdogo nilidhani harufu ya gari ni shuka refu jeupe linalotolewa dirishani na kuburutwa mtaani, na baba analikunja akifika kona ya posta. Siku hizi naliota. Naota nalivuta halina mwisho.

Na hili: baba aliniuliza Bi Baadaye alikuwa ananuka vipi. Nikasema grisi na pipi za mnanaa. Akasema, "Ndiyo, lakini lete." Hatukuwa nayo nyumbani. Hakuniomba kingine siku ile.

Anakula nusu ya nusu. Anasema chakula kikishapoteza harufu kitakuwa kazi, afadhali azoee mapema.

Ungekuja wewe, ningeweza kusema. Njoo.

Mama Mawazo


Tarehe 11 Julai

Mwanangu,

Sisi wazima, nyinyi je. Karatasi ya kumsomea ni hiyo yenye habari za mvua na mbwa wa kituo aliyezaa kwenye boksi langu la spana. Msomee vizuri, usiruke mahali pa mbwa.

Anayekuletea mzigo huu ni dereva wa gari la mahitaji. Ndani mna pampu. Kituo kina gari bovu lililokufa zamani, toleo moja na la kwetu, tumbo moja kabisa, na mkubwa wa kituo ameniruhusu nilichinje. Nimeifungua mwenyewe, nimeiosha, nimebadilisha mipira yote ya ndani. Fundi aifunge, asiipige nyundo. Akishaifunga, waya wa koki muuache.

Maana najua wewe ni mwerevu, na mwerevu huona mlango pasipo na mlango. Unaweza kuifunga pampu kimya kimya, kujaza mafuta, kugeuza koki, na jioni harufu ikamfikia mlangoni. Atadhani pua imemrudia. Atashukuru, atalia, pengine atakula sahani mbili. Na wewe utaishi na muujiza ulioupika mwenyewe mpaka siku yake ya mwisho, na kila atakapousimulia mtaani utatazama chini. Usifanye. Harufu isitangulie neno.

Kuhusu kuja. Siku niliyoondoka alikuwa anaona, si sana, lakini anaona. Alisimama mlangoni akanipungia mkono, na mkono ulielekea pale nilipokuwa, si pembeni yangu. Nimekaa nao huo mkono miaka yote. Nataka ubaki hivyo. Usiniulize tena.

Pampu nimeifunga kwa sweta langu. Sweta mpe yeye.

Shangazi yako


Tarehe 4 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Mashuka yameanza kukauka. Mbwa amefurahisha, baba alitaka pasomwe mara mbili, na ameshawapa watoto wa mbwa majina ambayo siwezi kuyaandika.

Mzigo ulifika. Niliufungulia jikoni. Nikatoa pampu, nikaiweka juu ya gazeti, ikang'aa kama kitu kilichookotwa mtoni. Sweta nikalishika. Liliponijia puani nilikaa chini kwenye kigoda, maana nilikuwa tena na umri wa miaka sita, nimelala kiti cha nyuma na unaendesha wewe.

Fundi aliifunga pampu. Waya ukabaki. Na mimi, nitakuambia kweli, siku zilizofuata nilikuwa naingia kwenye gari nikiwa na koleo mfukoni. Ule mlango ulioniambia nisiuone niliuona wazi, Shangazi, umefunguliwa, na ndani yake baba anacheka. Siku moja nilifika mpaka kuugusa waya.

Kilichonizuia ni sweta. Sikuweza kumpa sweta nikiwa na koleo mfukoni. Sijui kwa nini, mwili ulikataa. Nikaliweka koleo dirishani, nikaenda mlangoni alipokuwa amekaa, nikamwekea sweta mapajani. Alilishika, akalinusa, na hakusema ameishika wala niongeze nyingine. Alilikumbatia tu. Basi nikasema. Nilianza mwisho nikaja mwanzo: kwamba harufu haikuondoka puani kwake, iliondoka kwenye gari, kwamba nililaza gari na mafuta ya chipsi, nikaivunja pampu, nikanyamaza.

Mtaani kulikuwa na watoto wanaburuta bati. Akauliza, "Kwa hiyo pua ni nzima?"

Nikasema ni nzima.

"Ya mbali na ya karibu?"

Yote, baba.

Akaomba chakula. Alikula mbele yangu bila haraka, akinusa kila tonge kama mtu anayehesabu watoto wake wamerudi. Nilidhani yamekwisha. Alipomaliza, akanawa, akajifuta, ndipo aliposema lake. "Macho yalipokuwa yanaondoka hakuna aliyenidanganya, hata daktari. Hilo lilinisaidia kuliko dawa."

Hakunisemesha mpaka kesho yake mchana. Ningetamani angepiga kelele.

Kesho yake alinitaka nimpeleke garini. Alikaa kiti cha dereva, akapapasa chini ya usukani, akaukuta waya. Nilimpa koleo. Aliukata mwenyewe, akauviringisha kidoleni, akanirudishia koleo. "Hili gari lilale na dizeli," akasema, "na wewe ulale na ukweli. Ni koki moja." Halafu akanipiga kibao kidogo kisogoni, kile cha zamani, nikajua nimerudishwa nyumbani.

Jioni ile nilipita njia ndefu ya sokoni, nimejaza tangi mafuta ya Mama Chipsi. Kona ya posta niligeuza. Nilipoingia uani birika lilikuwa linachemka.

Sweta analivaa. Anasema limembana mabegani, na kwamba wewe siku zote ulikuwa mwembamba kwa ubishi.

Hujanikataza kukupa habari, umenikataza kuuliza. Basi hii ni habari: kila jioni, harufu ikikatika, husema, "Mtoto huyu anawahi. Mwenzake, Bi Baadaye, alikuwa anatuletea harufu ya jiko mpaka uani."

Mwanao


Tarehe 6 Septemba

Mama Mawazo,

Natumai wote wazima.

Huku baridi imezidi na sweta sina. Nakuja kulichukua.

Nitashuka na gari la mahitaji mwisho wa mwezi, siku ya dereva kwenda sokoni. Kaka usimwambie. Gari liache kwa Mama Chipsi na ufunguo umpe yeye, nitalichukua hapo. Wewe kaa mlangoni na kaka. Sitaki kuja nikiwa nimekaa kando ya mtu.

Shangazi


Tarehe 12 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Natumai umefika salama na mbwa hajakusahau. Nyumba imekuwa pana tangu uondoke. Baba hajambo, anakula, na ananituma nikuambie wali wako bado unaungua chini. Mama Chipsi anasema kwa wiki moja ulimfanya acheke kuliko mwaka mzima, na kwamba sasa analijua lako jambo, lakini hasemi.

Uliniuliza, tulipokuwa tunaanua mashuka, baba alisema nini kabla hujashuka kwenye gari. Nikakujibu kwamba hakusema kitu. Ningeanza kulia mbele ya wateja. Sasa nakuandikia.

Tulikuwa mlangoni. Aliuliza gari liko wapi na mimi niko hapa. Nimeapa kutomdanganya tena, kwa hiyo nikasema, "Sisemi." Akacheka, akajiweka sawa kitini. Jua lilikuwa limelala kwenye ukuta, lile la rangi ya chai. Tukakaa kama watu wanaosubiri mvua, hata sisi hatukujua kama inakuja au imepita.

Harufu ikaingia. Akainua kidevu. "Sokoni," akasema. Ikaja, ikazidi, nikaliona lile shuka langu linaingia mtaani juu ya vichwa vya watu. Akaweka mikono magotini tayari kusimama. "Posta. Haya, geuza." Haikukatika. Akakunja uso. "Amepitiliza. Shuleni huyo. Geuza, bwana, utaua pampu ya watu. Nani huyu anayechele..."

Hakumaliza. Nilikuwa namtazama, Shangazi, na sijawahi kuona uso ukifanya vile. Ulikuwa kama chumba ambacho mtu amefungua dirisha akiwa upande wa pili wa pazia.

Akasema polepole sana, "Weka birika. Weka kikombe cha tatu." Nilipoinuka akanishika mkono. "Na usimwambie nimemjua. Mwache azime kwanza."

Basi ukaingia uani na jiko lako lote, koki ndiyo kwanza umeigeuza, kama alivyosema siku zote. Ukabaki umekaa, injini inaunguruma, ukisubiri mabomba yasafishike. Ulidhani hatujui. Ulikuwa umeshika usukani kwa mikono yote miwili na unatazama mbele, hukutazama mlangoni. Ndiyo maana hukuona, na ndiyo maana nakuambia.

Alisimama. Alisikiliza injini. Akainua mkono akakupungia, na mkono ulielekea pale ulipokuwa, kwenye kiti chako, dirishani kwako, si pembeni yako. Alikupungia muda wote uliokuwa unasubiri. Alipousikia ufunguo, akaushusha, akakaa, akajifanya anasinzia.

Sweta umelisahau kitini. Sikukufuata nalo stendi, baba aliniambia niliache. Anasema baridi ya huko itakukumbusha.

Mwanao,
Mama Mawazo